Dozi yako si dozi ya jirani: maswali kuhusu mofini, maumivu ya upasuaji na utafiti unaoendelea

Maswali haya hujirudia kila mtu anapokaribia kupasuliwa, au anapoombwa ajiunge na utafiti wa dawa za maumivu. Mengine yana majibu mafupi. Mengine hayana jibu moja, na hayo tumeyaacha yawe marefu.

Opioidi ni dawa gani hasa?

Ni ukoo wa dawa za maumivu ulioanzia kwenye afyuni, au kasumba kama wazee walivyoiita. Mofini ndiyo mkubwa wa ukoo: mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kodeini, pethidini, tramado, oksikodoni, fentanili na methadoni ni ndugu zake. Baadhi zimetokana na mmea, nyingine zimetengenezwa maabara. Zote hushika vipokezi vya aina moja kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi hivyo vipo pia katika sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na vipo kwenye utumbo. Ndiyo maana dawa inayotuliza mshono inaweza pia kupunguza pumzi na kufunga choo.

Kama zina hatari, kwa nini zisiachwe tu?

Kwa sababu maumivu nayo yana madhara yake. Aliyepasuliwa tumbo akiogopa kukohoa, makohozi hubaki kifuani na nimonia hupata nafasi. Asipoinuka kitandani, damu inaweza kuganda miguuni. Tena wanaoumia sana siku za mwanzo ndio walio katika hatari zaidi ya kubaki na maumivu kwa miezi baada ya kidonda kupona.

Kwa hiyo swali la watafiti si kama mofini ni nzuri au mbaya. Wanauliza apewe nani, ipi, kiasi gani, kwa muda gani, na nani anamwangalia baada ya kupewa. Hilo la mwisho halitajwi sana kwenye vichwa vya habari, lakini kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote.

Hatari kubwa ni ipi, uraibu?

Ukiwa bado hospitalini, hatari kubwa ni pumzi.

Opioidi hazimkabi mtu koo. Zinamsahaulisha kupumua. Hewa chafu inajaa kwenye damu, ubongo ambao kwa kawaida ungeamrisha pumzi ya haraka unakaa kimya, na usingizi unazidi kuwa mzito. Kinachofanya hali hii iwe ngumu kugundua ni kwamba mgonjwa akiguswa huamka. Muuguzi anafika, anamwita, anamfunga kifaa kidoleni. Mgonjwa anafungua macho, anavuta pumzi mbili tatu nzuri, na namba zinaandikwa safi kwenye faili. Muuguzi akienda kitanda kingine, mgonjwa anazama tena.

Utafiti uitwao PRODIGY, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia wagonjwa 1,335 wa wodini kwa vifaa vilivyopima pumzi na oksijeni mfululizo. Asilimia 46 walipata angalau tukio moja la pumzi kudorora. Wengi wao hawakufikia hatari ya kifo, lakini idadi hiyo ilionyesha ni mambo mangapi hutokea kati ya raundi moja ya muuguzi na nyingine. Watafiti waliona mambo matano yanayoongeza hatari: kuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, kuwa mwanamume, kuwa na tatizo la pumzi usingizini, kuwa na moyo dhaifu wa muda mrefu, na kutowahi kutumia opioidi kabla. Hakuna hata moja linalohitaji maabara ya kifahari. Ni maswali ya kuulizwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti.

Mimi na mwenzangu wa kitanda cha pili tumefanyiwa upasuaji uleule. Mbona dozi zetu hazifanani?

Pengine kwa sababu wanaowahudumia wanafanya kazi yao vizuri.

Watu wengi hudhani dozi hufuata uzito wa mwili, kama dawa ya malaria kwa mtoto. Kwa mtu mzima aliyepasuliwa, uzito unaeleza kidogo sana. Mwaka 1996, Macintyre na Jarvis walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakijipimia mofini wenyewe kwa mashine baada ya upasuaji mkubwa, na wakaona kwamba umri ndio uliotabiri vizuri kuliko uzito. Wakatoa kanuni rahisi ajabu: chukua 100, toa umri wa mtu, unapata wastani wa miligramu za mofini anazohitaji katika saa 24 za kwanza. Mtu wa miaka 30 wastani wake ni 70. Wa miaka 65 ni 35.

Lakini usikariri kanuni hiyo ukaenda nayo wodini. Watafiti haohao waliona kwamba ndani ya rika moja, mtu mmoja aliweza kuhitaji hadi mara kumi ya alichohitaji mwenzake. Rika moja, upasuaji mkubwa, tofauti mara kumi! Ndiyo sababu wastani haumtibu mtu.

Tofauti hizo hutoka wapi? Figo zina sehemu yake: ini hugeuza mofini kuwa mazao ambayo mojawapo lina nguvu ya kutuliza kuliko mofini yenyewe, na figo dhaifu hushindwa kulitoa, likajilimbikiza. Kuna dawa nyingine unazotumia, hasa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, ambazo zikikutana na opioidi huongezana nguvu ya kuzima pumzi. Kuna historia: mwili uliozoea opioidi unahitaji zaidi. Kuna hofu, anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na wasiwasi mkubwa mara nyingi hutoka akiumia zaidi, wala hadanganyi. Na kuna jeni.

Nikipimwa jeni, daktari atajua dozi yangu kamili?

Hapana. Atajua jambo moja muhimu kuhusu baadhi ya dawa.

Jambo lenyewe linahusu kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Kodeini ikimezwa karibu haina kazi. Kimeng'enya hiki ndicho hugeuza sehemu yake ndogo kuwa mofini, na hiyo ndiyo inayotuliza. Tramado nayo hutegemea mlango huohuo. Sasa, wapo waliozaliwa na kimeng'enya kisichofanya kazi kabisa: wakipewa kodeini wanapata kichefuchefu na kufunga choo bila nafuu, halafu wanaonekana wasumbufu kwa kuomba dawa nyingine. Na wapo waliozaliwa na nakala za ziada za jeni hiyo: kwao kodeini ya kawaida hugeuka mofini kwa kasi na kwa wingi kupita kiasi.

Mgawanyo wake haulingani duniani. Kati ya watu wa asili ya Ulaya, asilimia 5 hadi 10 hawana kimeng'enya kinachofanya kazi. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya waliopimwa wana nakala za ziada. Na kusini mwa Sahara kuna aina ya jeni hii, iliyopewa namba 17, inayofanya kazi polepole na ambayo ni ya kawaida huko kuliko Ulaya. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa kwa kutazama jeni za Wazungu peke yao kinaweza kumsoma vibaya mtu wa kwingine.

Mwongozo wa CPIC, kundi la kimataifa la wataalamu wa jeni na dawa, unashauri kwamba watu wa pande zote mbili, wasio na kimeng'enya na wenye kasi kupita kiasi, wasipewe kodeini wala tramado. Hapo ushahidi ni imara. Kuhusu jeni nyingine mbili zinazotajwa sana, OPRM1 na COMT, mwongozo huohuo unasema ushahidi hautoshi kubadilisha dozi. Ukiona kampuni inakuuzia kipimo cha mate kinachoahidi "dawa yako kamili ya maumivu", kumbuka sentensi hiyo kabla hujatoa hela.

Tena jeni si neno la mwisho hata kwa CYP2D6 yenyewe. Dawa za sonona kama fluoksetini na paroksetini hukizima kimeng'enya hicho, na mtu mwenye jeni za kawaida akawa kama asiye nacho. Ndiyo maana orodha ya dawa unazotumia wakati mwingine ina thamani kuliko cheti cha maabara.

Ni kweli watoto hawapewi kodeini?

Kweli. Watoto waliokuwa wametolewa tonsili walifariki baada ya kupewa kodeini kwa dozi iliyoonekana ya kawaida, na ikagundulika kwamba baadhi yao walikuwa na ule mwili unaogeuza haraka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali mwaka 2013, kisha mwaka 2017 ikakataza kodeini kutuliza maumivu na tramado kwa walio chini ya miaka 12. Hiki ndicho kisa kilichofanya jeni zitoke kwenye majarida na kuingia kwenye karatasi ya dawa.

Nikitumia baada ya upasuaji, nitakuwa mraibu?

Wengi hawawi. Lakini jibu la "usijali kabisa" lilitolewa kwa kizazi kizima cha wagonjwa wa Marekani na matokeo yake yanajulikana, kwa hiyo tujibu kwa uangalifu.

Mwaka 2017 watafiti wa Michigan walitazama kumbukumbu za Wamarekani 36,177 waliopasuliwa ambao mwaka mmoja kabla hawakuwa wakitumia opioidi. Kati ya siku ya 90 na ya 180 baada ya upasuaji, muda ambao vidonda vingi vimeshapona, karibu asilimia 6 walikuwa bado wanachukua dawa hizo. Kati ya watu wasiopasuliwa, ilikuwa asilimia 0.4. Cha kushangaza ni kwamba ukubwa wa upasuaji haukuleta tofauti kubwa: asilimia 5.9 kwa upasuaji mdogo, 6.5 kwa mkubwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wavutaji sigara, wenye historia ya pombe au dawa za kulevya, wenye sonona au wasiwasi, na waliokuwa na maumivu sugu tangu mwanzo.

Tahadhari mbili. Kuendelea kuchukua dawa si sawa na kuwa mraibu. Wengine walikuwa na maumivu ya kweli ambayo hayakupatiwa tiba nyingine. Na mwili kuzoea dawa, mpaka ukiacha ghafla unatokwa jasho na kuhara, ni jambo la kawaida la kibayolojia linaloweza kumpata yeyote. Uraibu ni pale mtu anapoendelea kuitafuta ingawa inamharibia maisha.

Nipewe vidonge vingapi vya kwenda navyo nyumbani?

Mara nyingi vichache kuliko ulivyozoea kusikia, na wakati mwingine hakuna. Uchambuzi uliokusanya tafiti sita mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 67 na 92 ya wagonjwa walibaki na vidonge. Utafiti mwingine wa Michigan, wa mwaka 2019, ulikuta wagonjwa walimeza asilimia 27 tu ya walivyoandikiwa. Humo mna jambo la kufikirisha: waliopewa vingi walimeza vingi, hata ukizingatia maumivu yao. Chupa yenyewe ilikuwa inawaambia wameze.

Mwaka 2022 uchambuzi wa majaribio 47, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet, ulionyesha kwamba kwa upasuaji mdogo na wa kati, waliorudi nyumbani na opioidi hawakuwa na maumivu kidogo kuliko waliorudi na dawa za kawaida. Walichozidisha ni kutapika na madhara mengine. Upasuaji mkubwa ni habari nyingine. Hapo tafiti zilikuwa chache mno.

Mabaki yarudishwe duka la dawa au hospitali. Usimgawie shemeji mwenye mgongo.

Mashine ya kujibonyezea mwenyewe ni salama?

Ni mojawapo ya njia za zamani za dozi ya mtu binafsi; daktari Philip Sechzer aliielezea kwenye maandiko mwaka 1971. Unabonyeza, unapata dozi ndogo, kisha mashine inajifunga kwa dakika kadhaa hata ukibonyeza mara mia. Usalama wake umo katika jambo dogo: ukisinzia huwezi kubonyeza. Ndiyo sababu ndugu aliyekaa pembeni hatakiwi kukubonyezea kwa huruma. Akifanya hivyo ameondoa kizuizi kikuu kilichokuwa kinalinda pumzi yako.

Nimeambiwa utafiti unatumia methadoni. Hiyo si ya waraibu?

Inatumika huko, ndiyo, lakini ni dawa ya maumivu tangu mwanzo. Kinachowavutia watafiti ni urefu wa maisha yake mwilini. Dozi ya mofini hutuliza kwa saa chache, kisha maumivu yanarudi, unapewa nyingine, na siku inakuwa ya kupanda na kushuka. Methadoni huchukua kwa wastani zaidi ya saa 24 nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo dozi moja wakati umelazwa usingizi inaweza kukufikisha kesho bila mabonde hayo. Majaribio kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo na wa uti wa mgongo, yaliyochapishwa mwaka 2015 na 2017, yalionyesha waliopata methadoni walihitaji opioidi kidogo zaidi siku zilizofuata, na maumivu yao yalikuwa madogo.

Urefu huohuo ndio tatizo lake. Ikizidi haitoki haraka, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kasi ya kuitoa hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa sababu ya kimeng'enya kingine, CYP2B6. Ndiyo maana inafanyiwa utafiti badala ya kugawiwa tu.

Kuna upasuaji usiotumia opioidi kabisa?

Upo, na kwa baadhi ya upasuaji unafanya kazi vizuri: sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya eneo husika, parasetamo kwa saa zake, ibuprofeni au diklofenaki kwa asiye na tatizo la figo au vidonda vya tumbo. Kuchanganya hivi ndiyo msingi wa huduma nzuri hata pale opioidi zinapotumika, na haipendezi kuona parasetamo inadharauliwa kwa sababu tu ni ya bei rahisi.

Ila "bila opioidi" si tiketi ya usalama. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2021, lililoitwa POFA, liliweka dawa ya kutuliza iitwayo deksmedetomidini mahali pa opioidi wakati wa usingizi. Lilisimamishwa kabla ya wakati baada ya mapigo ya moyo kushuka vibaya kwa wagonjwa watano. Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo ilisambaa sana kama mbadala. Uchambuzi wa mwaka 2020 haukuona nafuu ya maana kwa mgonjwa, na FDA ilishaonya mwaka 2019 kwamba inaweza kupunguza pumzi.

Vipi dawa mpya?

Dawa mpya ya maumivu, suzetrijini, iliidhinishwa Marekani Januari 2025. Haigusi vipokezi vya opioidi. Inaziba njia ya sodiamu iitwayo NaV1.8 kwenye mishipa inayobeba maumivu. Katika majaribio ilishinda dawa bandia, lakini haikuushinda mchanganyiko wa haidrokodoni, ambayo ni opioidi, na parasetamo. Ni hatua nzuri. Si muujiza.

Nikijiunga na utafiti, naweza kuachwa niumie ili waone itakuwaje?

Kamati ya maadili haitakiwi kuruhusu hilo. Hata kundi linalopewa dawa bandia huwa na dozi ya akiba: ukiumia unasema, unapewa dawa ya kweli, na kiasi ulichohitaji kinaandikwa. Mara nyingi hicho ndicho kinachopimwa. Kura ndiyo itakayoamua uingie kundi gani, na kwa kawaida wewe na muuguzi wako hamtajua ni lipi. Unaweza kujitoa wakati wowote, na huduma yako haitakiwi kubadilika.

Ukisomewa fomu ya ridhaa, uliza jambo moja ambalo watu hawaulizi: mnapima nini? Utafiti unaojivunia kwamba "ulipunguza mofini kwa miligramu kumi" haujakuambia kama watu walilala, walitembea, au walipumua vizuri zaidi. Na idadi ni muhimu. Watu 300 wakipewa dawa na asipatikane hata mmoja aliyeacha kupumua, hesabu inaruhusu bado hatari kufikia mmoja kati ya 100. Utafiti mdogo unaweza kuthibitisha nafuu. Usalama unahitaji umati.

Naombwa namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10. Niseme ngapi?

Sema unayoihisi, kisha ongeza kile ambacho namba haisemi: naweza kuvuta pumzi ndefu, siwezi kugeuka, sijalala. Saba ya mtu anayetembea si saba ya mtu aliyeganda kitandani. Lengo la sifuri ndilo lililowafikisha wengine kwenye dozi za kuzima pumzi.

Natumia methadoni au buprenofini kwa ajili ya uraibu. Niache kabla ya upasuaji?

Usiache mwenyewe. Zamani wengi waliambiwa waache buprenofini, ambayo nayo ni opioidi. Siku hizi ushauri wa kawaida ni kuendelea nayo na kuongeza dawa nyingine juu yake. Mwambie daktari wa usingizi mapema. Kuificha kwa aibu kunaweza kukuletea maumivu makali au dozi isiyo sahihi.

Tafiti hizi zinatoka nchi zenye mofini tele. Zinatuhusu sisi ambao dawa yenyewe haipatikani?

Swali la haki. Tume ya Lancet ya mwaka 2017 ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kama mofini, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Anayeumia bila dawa hana faida na mjadala wa vidonge vilivyobaki kabatini. Hofu ya uraibu isichukuliwe nzima kutoka mahali dawa ilipomwagwa ikapelekwa mahali ambapo haijafika. Lakini somo la umri, figo, pumzi na kuangaliwa linasafiri vizuri, kwa sababu mwili ni uleule na macho ya muuguzi hayahitaji umeme.

Nimwambie nini daktari kabla?

Dawa zote unazotumia, za duka na za mitishamba. Kama unakoroma na kushtuka usingizini ukitafuta hewa. Muulize unayelala naye, wewe hujui. Pombe na sigara, kwa ukweli. Dawa ya maumivu iliyowahi kukutapisha, na ile iliyowahi kutokufanya chochote.

Mgonjwa karudi nyumbani na vidonge. Nitajuaje kwamba vimemzidi?

Mkoromo mzito usio wa kawaida yake. Pumzi chache, zenye mapengo marefu. Midomo inayogeuka rangi ya majivu au buluu. Mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano. Kubwa kuliko yote, ukimwita na kumtikisa haamki sawasawa. Usimwache "alale apumzike". Msugue katikati ya kifua kwa ngumi, mwambie avute pumzi, ita msaada. Kama ipo nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi, mpe. Kama anapumua lakini haamki, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni hadi msaada ufike. Akizinduka, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu nalokisoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90, na kidonge alichomeza kinaweza kuwa bado kinaendelea.